Mto Ulipopungua Drastikali

Haki ya Mungu, hili ninalolieleza limetokea, limetokea mchana kweupe, na mimi nilikuwepo kwa miguu yangu yote miwili. Kama humu kuna hata neno moja la kuongezea, basi chai yote iliyobakia katika maisha yangu iwe ya chumvi. Najua mnavyonisema: mzee huyu tangu alipostaafu kupiga kengele ya stesheni, kilichobaki ni kutupiga kamba. Semeni. Nimeshaapa, sirudii.

Nilikuwa natembea. Njia ilikuwa ileile ya kwenda dukani kununua kiberiti, ila siku hiyo duka halikuja. Nikatembea, nikatembea tena, duka haliji, na badala yake ukaja mji. Ulinijia taratibu, nyumba moja baada ya nyingine, kama wageni wa msiba wanavyoingia uani, mpaka nikajikuta nimesimama katikati yake na sina pa kurudia. Hapo akapita kijana mmoja amevaa sare yangu ya stesheni, kengele kaibana kwapani, mwendo wake wangu, kovu la kidevuni langu. Nikamwambia, "Hujambo, mimi?" Akaniangalia kama mtu anavyouangalia ukuta, akapita. Nikasema moyoni: sawa, huko ndiko nilikofika. Mahali ambapo mtu anaweza kujipita njiani na asijisalimie, hapo usiulize saa ngapi. Jua lenyewe lilikuwa limesimama utosini mwa mji, na kila nilipolitazama lilikuwa lilelile la mchana, kana kwamba limesubirishwa.

Chini ya mji kulikuwa na mto. Nasema mto kwa sababu kila mtu aliuita hivyo. Wanawake walikuwa wameinama wanajaza ndoo, wanajitwisha, wanapanda nazo kwa uangalifu ili zisimwagike. Mtu mmoja alikuwa anaogelea, mikono inakwenda, miguu inapiga. Mama mmoja alikuwa anamnawisha mwanawe uso, na mtoto anapiga chafya. Nikasogea, nikachungulia ndoo ya aliye karibu.

Mchanga.

Mchanga mkavu, mweupe, hadi ukingoni mwa ndoo. Na yule aliyekuwa anaogelea alikuwa amelala kifudifudi juu ya vumbi, anajikokota kwa viwiko, magoti yamechubuka. Nikamtazama mwenye ndoo, naye akanitazama kwa upole, midomo imempasuka hadi damu.

"Maji ya leo mazito kidogo," akaniambia. "Ila ukiyachuja yanafaa."

Nimeona mambo katika maisha yangu. Lakini pale nilishtuka mpaka nikashika kichwa kuhakikisha bado kipo. Nilitaka kupiga kelele, na kelele ikakataa, kwa maana ningepiga nikisema nini? Kumwambia mtu kwamba ndoo yake ni ya mchanga, wakati kaijaza kwa mkono wake, kaionja, na kaikubali? Kuna mshtuko unaokuja na sauti, na kuna mshtuko unaokuja na ububu. Ule wa pili ndio mbaya, kwa sababu unakufanya ufanane na wenyeji.

Nikapanda hadi uwanja wa baraza. Pembeni, kivulini, alisimama mwanamke ameficha kitu ndani ya kanga, amekikumbatia tumboni kwa mikono miwili, kama aliyebeba mtoto au aliyeiba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni wapi?"

"Hapa ni hapa," akasema. "Mimi naitwa Nyamizi. Babu, wewe ni mgeni, macho yako bado mabichi. Hebu nitazamie mtu yule aliyesimama katikati ya uwanja. Unamwona uso?"

Nikatazama. Mtu alikuwepo. Mabega, shati, miguu peku. Uso nao ulikuwepo, lakini jicho likiufikia linateleza, kama kidole kwenye sabuni iliyolowa. Nikajaribu tena, nikateleza tena.

"Namwona mtu," nikasema. "Uso siushiki."

"Basi na wewe umeanza kuwa wa hapa." Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Ni mume wangu. Nadhani."

"Unadhani?"

"Alikuwa mume wangu mpaka hivi punde. Anaitwa Kasanzu."

Akanieleza, na nitawaeleza kama alivyonieleza, sijapunguza. Katika mji ule, kitu hakijabadilika mpaka Mwenye Baraza atangaze kwamba kimebadilika, na akitangaza, sharti akipe kipimo. Vipimo vyao ni vichache: kuna kidogo, kuna kiasi, kuna polepole. Sana nalo lipo, ila wameliweka kwa ajili ya kushukuru tu. Mwenye Baraza akishatangaza, mwitikiaji anaitika kwa sauti, "Naam!" Hapo ndipo badiliko linakuwa kweli, na watu wanalikuta majumbani mwao. Mtoto harefuki mpaka aitikiwe. Mzee haoti mvi mpaka aitikiwe. Kasanzu ndiye aliyekuwa mwitikiaji, tangu ndevu zake zilipotangazwa.

"Leo Mwenye Baraza katangaza kama kawaida," Nyamizi akasema. "'Mto umepungua kidogo.' Tukasubiri naam. Kimya. Babu, sijawahi kusikia kimya cha namna ile, nilisikia nywele zangu zinaota. Halafu mume wangu akasema, 'Hapana.'"

"Akasema hapana?"

"Hapana! Hivyohivyo, mchana, mbele za watu. Watu wakamgeukia, na walipomgeukia wakamkosa. Wakaanza kuulizana, huyu nani? Katoka wapi? Mwitikiaji wetu kaenda wapi?"

"Na wewe je?"

Akaangalia chini. "Mimi nimeishi na ile naam. Alikuwa anaitika hadi usingizini. Umekula? Naam. Umeshiba? Naam. Unanipenda? Naam. Hata nikimuuliza, hivi nikikuacha utafurahi? Naam. Sasa leo nimesikia ile hapana, babu, nimeshtuka. Kwa sababu hiyo ndiyo sauti niliyodhani naolewa nayo."

Nikamuuliza kwa nini asimwite tu kwa jina, mambo yakaisha.

"Mke hahesabiki. Wanasema mke anaweza kuita hata mlango. Lazima aitwe na mtu mwingine wa baraza, kwa hiari yake, uso kwa uso." Akafunua kanga kidogo. Ndani palikuwa na sahani, na katika sahani ugali na mlenda. "Mtu akikosekana, mkewe anampakulia. Chakula kikipoa hajaitwa, sahani inafunikwa. Ikifunikwa hakuna Kasanzu. Hajafa, ila hakuwahi kuwepo. Mimi nitakuwa mwanamke ambaye hakuolewa, na mwanangu atakuwa ameokotwa. Gusa. Bado cha moto, sivyo?"

Nikagusa. Kilikuwa cha moto, lakini moto wa mwisho, ule wa kiti ambacho mtu ametoka kuinuka.

"Nilimwendea Mwenye Baraza," akasema. "Nikamwambia, mume wangu ni huyuhuyu, amebadilika tu. Akaniuliza, amebadilika kidogo? Nikasema siyo kidogo. Amebadilika polepole? Nikasema ilikuwa kufumba na kufumbua. Akasema, basi badiliko lake halina kipimo. Lisilo na kipimo halijatokea. Na kama halijatokea, mama, yule pale ni nani?"

Niliganda. Hiyo hesabu niliirudia kichwani na kila nilipoirudia ilitoa jibu lilelile, kama mlango unaojifunga wenyewe. Nani alimfundisha mtu huyu kwamba ukitaka kumtawala mwenye kiu huna haja ya kumzuia mto, wewe mnyime tu neno la kuusemea? Mpe kidogo. Mpe kiasi. Mwache na ndoo yake. Atakauka akiwa na adabu.

Na mimi neno nilikuwa nalo.

Nalo ni drastikali. Ni neno la ng'ambo, lina kona kali, na ukilisema haraka linakukwaruza paa la kinywa. Nikamwambia Nyamizi: "Mwanangu, lipo neno la badiliko kali. Kitu kilikuwa hivi, ukageuka kupiga chafya, ukirudisha macho hakiko hivyo tena, na wewe mwenyewe uliyepiga chafya huna uhakika kama ni yuleyule. Hilo ndilo drastikali. Nyumba iliyopasuka ukuta imebadilika kidogo. Nyumba ambayo umerudi ukakuta ni kiwanja, imebadilika drastikali. Neno hili halishikwi kwa mambo madogo. Huwezi kusema chumvi imezidi drastikali, utamtisha mpishi bure. Linakwenda na kuporomoka na kupaa, na kupungua kunakoua na kuongezeka kunakozamisha. Na halijali kama ni heri au ni shari. Lenyewe linajali ukali tu."

Nyamizi alikuwa ameniachia mdomo wazi. "Lipo neno kama hilo? Na watu wanaruhusiwa kulisema?"

"Huko linakotoka wanalisema wakinywa chai."

Akanisukuma mgongoni. "Nenda. Nenda mwambie. Chakula kinapoa!"

Nikaenda hadi katikati ya uwanja, nikainama kwenye sikio la yule mtu asiyeshikika, nikalitia neno. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Babu, likitoka litarudi?" Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Akavuta pumzi, akageukia baraza, akasema kwa sauti iliyozoea kubebwa mbali:

"Mto umepungua drastikali!"

Haki, sijui niseme nini. Kiu iliingia mjini kwa mpigo mmoja. Kiu yote ambayo walikuwa wanaifukia chini ya kidogo, kiu ya misimu na misimu, iliwafikia wote kwa wakati mmoja, na watu wakashika makoo kama waliokabwa. Ndoo zikaanguka, mchanga ukamwagika, na ulipomwagika wakauona. Aliyekuwa akiogelea akasimama, akajitazama magoti, akapiga ukunga. Mama aliyekuwa anamnawisha mtoto akaanza kumpangusa uso kwa kanga, anapangusa, analia, analia bila machozi maana hata machozi yalikuwa yamepungua. Mimi mwenyewe nilisikia ulimi unageuka kipande cha gunia. Nilifikiri nimewapa neno. Kumbe niliwapa koo.

Mbele yangu alikuwa amekaa mwanamume mmoja muuza vitunguu, jina lake Sijaona. Huyu akamtazama Kasanzu, na nikaona macho yake hayatelezi. Pua ya Kasanzu ilikuja kwanza. Halafu mdomo. Halafu jicho moja.

"Wewe," Sijaona akasema, anamnyooshea kidole, "wewe si ndiye... si ndiye yule..."

Nyamizi alisogea na sahani. "Sema, shemeji! Sema jina!"

Hapo Mwenye Baraza akasimama. Nilikuwa nimesahau kuwaeleza sura yake, na sababu ni kwamba alikuwa na sura ya kila mtu anayekaa kwenye kiti kile. Alikuwa anatabasamu. Ningependa angekasirika, kwa sababu mtu aliyekasirika unajua pa kumshika.

"Ndugu zangu," akasema, "ni neno zuri sana. Tunamshukuru mgeni. Kuanzia sasa ni neno letu sote, kila mtu alitumie, asiogope." Akalirusha mdomoni kama anayeonja peremende. "Nawaahidi kwamba tutaushughulikia mto drastikali. Tutasikiliza malalamiko yenu drastikali. Nimefurahi drastikali kuwaona mmekuja kwa wingi. Na utulivu wetu, ndugu zangu, utulivu wetu utabaki drastikali palepale ulipo!"

Wakapiga makofi. Makofi! Na makoo yamekauka!

Halafu likashuka kwa watu. Likapita mkono kwa mkono kama mtoto wa jirani. Mmoja akasema leo kuna joto drastikali. Mwingine akasema shemeji yake amenenepa drastikali tangu jana, wakacheka. Sijaona akageukia vitunguu vyake, akaanza kuita: "Bei imeshuka drastikali! Kitunguu drastikali, mama, njoo uchague!" Na kila lilipotoka kinywani, lilirudi limepungukiwa. Kona zikavunjika. Ukali ukalika. Nililisikia likizidi kuwa laini, linateleza, linafanana na kidogo, mpaka mtu akilisema hasikii kitu isipokuwa upepo wa mdomo wake mwenyewe.

Mimi nilidhani neno linauawa kwa kukatazwa. Nilidhani wenye viti wanaogopa maneno, wanayafungia, wanayafukuza mipakani. Mzee mzima, nimeishi, na sikujua hili! Neno lililokatazwa linanenepa gizani, watu wanalinong'ona, wanalitunza ndani ya mto wa kulalia. Ukitaka kulimaliza lipe ruhusa. Lipeleke sokoni, kwenye harusi, kwenye hotuba ya kufungua choo. Kila kitu kikiwa kikali, hakuna kitakachokata. Na mimi niliyelileta nilikuwa nimesimama pale, nasikia kiu yangu mwenyewe inaondoka bila kunywa, naona kwa mbali chini ya mji kitu kama mng'ao wa maji, na moyo wangu, moyo mpumbavu, unaniambia: mbona mto upo? Umepungua kidogo tu. Je, huyu anayefikiri hivi ni mimi? Yule aliyeshtuka kwenye ndoo yuko wapi? Nani kamwitikia huyu mpya?

Jicho la Kasanzu likafutika. Mdomo ukafuata. Pua ikabaki peke yake, kama kitu kilichosahauliwa mezani, halafu nayo ikaanza kwenda.

Nilishtuliwa na mkono. Nyamizi alikuwa amenikamata ukosi wa shati.

"Babu! Ugali umepoa pembeni. Umebaki katikati tu. Neno lako limechuja, lirudishe rangi yake."

"Mwanangu, neno likishachuja..."

"Lirudishe! Kwani ulilipataje lilipokuwa kali?"

Sasa hapo ndugu zangu, ningeweza kunyamaza. Lakini watu walikuwa wameanza kutuzunguka, na mimi nikizungukwa na watu kuna kitu kinapanda kutoka tumboni, sikizuii. Nikasema, "Neno lile nililipia. Nilikutana na mfanyabiashara mwenye vivuli vitatu, anauza maneno kwa kilo. Nikamwambia nataka kali kuliko yote. Akasema bei yake ni gego. Nikafungua mdomo, akaling'oa kwa koleo, damu ikajaza karai! Na palepale nikabadilika drastikali mimi mwenyewe. Nilikuwa mrefu kama nguzo ya simu, nikawa hivi mnavyoniona. Nilikuwa na sauti ya kuangusha nazi, ikawa hii. Kwa hiyo, mwanangu, hili neno nalijua, limenipita mwilini."

Watu wakasema, "Ehee!" Sijaona akasema, "Pole sana, mzee."

Nyamizi hakusema pole. Alinitazama kama anavyotazamwa mbuzi wa mnada.

"Fungua mdomo."

"Wa nini, mwanangu?"

"Fungua mdomo, babu."

Nikafungua, ningefanyaje. Akaingiza kidole, akapita juu, akapita chini, kulia, kushoto, bila haraka, kama anayekagua mahindi. Halafu akakitoa, akakifuta kwenye kanga.

"Magego yote yapo," akautangazia uwanja. "Yamekaa kama wanafunzi mstarini."

Kicheko kilichotoka pale sikuwahi kukisikia. Hakikutangazwa na mtu, hakikuitikiwa na mtu. Hata pale Kasanzu aliposimama, mabega yalitikisika.

"Sema kweli. Neno uliliokota wapi?"

"Kwenye karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya karanga. Nilinunua karanga, zilifungwa kwenye ukurasa wa kamusi. Nikausoma."

"Na karanga ukala?"

"Nikala."

"Na ukiwa umeshiba karanga ukaja kumtia mume wangu sikioni neno ambalo hukulitolea hata jasho." Hakuwa anapiga kelele. Ingekuwa heri angepiga kelele. "Kumbe ndiyo maana ni jepesi. Mtu yeyote anaweza kulibeba. Mwenye Baraza kalinyanyua kwa kidole kimoja."

"Mwanangu, nisamehe, niambie nitalipaje..."

"Utalipa." Akaangaza macho huku na huku, akamnyang'anya mtu mmoja jembe, akanitia mkononi. "Shuka mtoni. Kachimbe maji."

"Mimi mstaafu, mwanangu."

"Sikukuuliza umri."

"Lakini kuchimba mtoni? Nani aliwahi kuchimba maji ndani ya m..."

Nikaacha sentensi ilipokuwa. Nilikuwa nimeisikia. Naye aliona kwamba nimeisikia, na pembe ya mdomo wake ikapanda.

"Eheee," akasema. "Shuka sasa, chakula kinapoa."

Nikashuka. Viatu vyangu vya kustaafia vikajaa mchanga kabla sijafika katikati. Mwenye Baraza alikuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu ndiye wa kwanza kupiga kelele. "Mzee, toka! Hapo ni kina kirefu! Jamani atazama, mgeni atazama mikononi mwetu!" Na watu, kwa kuwa wana huruma, wakakimbilia ukingoni kuniokoa. Walikuja na kamba. Walikuja na mbao za kuelea. Mwogeleaji wao akaanza kuvua shati.

Nikainua jembe, nikapiga. Vumbi likapanda hadi usoni. Nikapiga tena.

Sikusema neno. Kwangu mimi hilo lenyewe lilikuwa jambo la ajabu, na mikono iliniuma mara moja, maana mikono hii imezoea kamba ya kengele na kikombe. Kadiri nilivyochimba niliingia, goti, paja, kiuno, na nilivyozidi kuingia ndivyo vumbi lilivyozidi kupanda, na juu kule nikasikia makelele ya kuniokoa yanapungua. Kamba aliyonirushia mtu ikadondoka kando yangu, ikatoa sauti ya kitu kikavu juu ya kitu kikavu.

"Mbona hazami?" ikauliza sauti ya Sijaona.

Kisha akawageukia wenzake.

"Jamani, mbona hazami? Mtu kasimama katikati ya mto mpaka kiunoni, mbona anatimua vumbi?"

Nikainua kichwa. Walikuwa wamejipanga ukingoni, mdomo wazi wote, na nikaona kiu inawarudia. Safari hii haikuwapiga kwa mpigo. Iliwapanda mmoja mmoja, kutokea miguuni, na hakuna aliyeshika koo. Walisimama nayo tu. Mwenye Baraza alifungua kinywa, akasema, "Mto..." akangoja kipimo kimjie, akageuka kulia na kushoto kumtafuta wa kumwitikia, halafu akajilamba midomo na kukaa chini mchangani kama mtu yeyote.

Sijaona akageuka. Aligeuka kwa haraka ya mtu anayetaka kumpa jirani habari kabla hajapewa na mwingine. Akamkamata mkono yule mtu aliyekuwa nyuma yake, akamtikisa.

"Kasanzu! We Kasanzu! Umeona? Mto umekauka!"

Na uso ukaja wote. Ulikuja bila kupangwa, paji, mashavu, macho mawili mekundu. Uso wa kawaida tu, wa mtu aliyechoka. Watu wakanyamaza, kwa mazoea, wakisubiri ile naam.

"Nilishasema," Kasanzu akasema.

Nyamizi alikuwa hapo na sahani. Akaisogeza kwa haraka hata mlenda ukamwagika kwenye kidole gumba. "Pembeni umepoa," akamwambia. "Chimbua katikati. Katikati bado kuna moto."

Akala amesimama. Mkewe akamtazama anavyokula, kisha akamuuliza polepole kama ugali umeiva vizuri.

"Hapana," akasema Kasanzu, huku anatafuna. "Una mabuje, unga haujaiva."

Yule mwanamke akacheka, akakaa chini, akaficha uso kwenye kanga, na mabega yakaendelea kutikisika kwa muda mrefu kuliko kicheko.

Mimi bado nilikuwa shimoni. Hakuna aliyenikumbuka. Nilingoja kidogo, nikaona heshima ya mgeni haiji, nikaita: "Mwanangu Nyamizi! Nadhani imetosha!"

"Umefika kwenye maji?" sauti yake ikajibu kutoka juu.

"Bado."

"Basi haijatosha."

Nikachimba. Ukuta wa mchanga uliniporomokea, nikautoa, nikachimba. Malengelenge yakaota, yakapasuka. Sikuona tena ukingo wala watu, niliona duara la anga tu, na jua lililokuwa limesimama nikaliona sasa linasogea, lenyewe, bila kuambiwa. Mchanga ukabadilika rangi. Ukawa mzito. Jembe likaacha kulia na kuanza kunyonya, na katikati ya vidole vya miguu yangu nikasikia baridi ikiingia, nikaruka kama niliyeumwa.

"Maji!" nikapiga kelele. "Maji, jamani! Nimekanyaga maji! Yanabubujika, mto mzima uko huku chini, na samaki nawaona..."

Juu hakuna aliyejibu. Halafu nikamsikia Sijaona ananong'ona, "Huyu mzee si ndiye wa gego?" na mtu akaguna. Nikaapa. Nikaapa tena kwa sauti zaidi.

Kisha duara la anga likazibwa na kichwa cha Nyamizi. Alishusha kikombe cha bati, amekifunga kwenye kipande kirefu cha kanga aliyoichana, kikateremka kinagonga ukuta wa shimo hadi mbele ya pua yangu.

"Tia humo," akasema.

Nikainama. Nikakinga kikombe kando ya nyayo zangu, nikangoja. Yalijaa nusu, matope. Nikavuta kanga. Kikapanda, kikapotea, na kule juu wote wakanyamaza kwa muda wa mtu kumeza.

Kikombe kikarudi kitupu.

"Tia kingine," sauti ikasema, nayo haikuwa ya Nyamizi. Nyuma yake nikasikia ndoo zinagongana, nyingi, zinapangwa foleni.